Kulwa ana lupus, mimi Doto sina. Damu ni moja, kwa nini yeye?

DotoMshonaji

Habari za jioni wana jukwaa. Miaka mingi nasoma humu na kuondoka kimyakimya, leo nimeshindwa. Ni ndefu, mnivumilie.

Sisi ni mapacha wa kufanana. Mpaka darasa la saba walimu walikuwa wanatutofautisha kwa kovu langu la kidevuni, nililolipata nilipoanguka na baiskeli ya baba. Tumezaliwa Nzega, tumenyonya ziwa moja, surua tumeugua wiki moja, na malaria ndiyo usiseme. Mimi ni fundi cherehani, na nguo zote za Kulwa nashona mimi bila kumpima. Najipima mwenyewe, nashona, naweka kwenye basi, inamkaa. Sasa tuna miaka 34. Mwaka juzi yeye amegundulika ana lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamshambulia mtu mwenyewe. Mimi hata kichwa hakiniumi.

Ilianza baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Asubuhi vidole vinakaza, hawezi kufunga kanga ya kumbebea mtoto, ikifika saa nne vinalegea. Zahanati wakasema baridi yabisi, wakampa diklofenaki. Zikaja homa. Kapimwa malaria mara tano, hakuna wadudu, na dawa ya malaria kapewa mara tatu hivyohivyo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Kisha upele mashavuni, umevuka juu ya pua kama kipepeo aliyetua, akitoka juani unawaka moto. Wifi zake wakasema mkorogo umemwunguza. Na mkorogo kweli alikuwa anapaka, sitamficha. Miguu ilipovimba ndipo tukapewa rufaa. Mkojo umejaa protini, wakachukua kinyama cha figo kwa sindano, jibu likarudi kwamba ni lupus na imeshaingia kwenye figo.

Sasa yuko kwenye dawa na ana nafuu. Siulizi tiba, daktari wake anatosha. Ninachotaka kujua ni imetoka wapi.

Tuliachana tukiwa na miaka 22. Yeye aliolewa akaenda Geita, mimi nikaenda Tabora mjini kushona. Kule Geita alifanya kazi kwenye karasha miaka minne: anaponda mawe, anakusanya unga kwenye viroba, mwaloni, pale unga unapooshwa, anasaidia kukamata dhahabu kwa zebaki, na jioni mumewe anachoma kile kidonge cha dhahabu na zebaki juu ya jiko la mkaa, humo humo wanamopikia. Yeye kazaa watatu, mimi mmoja. Yeye alijichubua, mimi ngozi yangu nimeiacha ilivyo, wala si ushujaa, ni ubahili.

Kila mtu ana mshitakiwa wake. Mama mkwe wake anasema ukoo wetu una damu mbaya, kwa sababu shangazi yetu alikufa kwa figo akiwa msichana. Mama yetu analia kwamba hatukufanyiwa mila za mapacha, maana baba alikuwa ameokoka akakataa. Shemeji anazitaja sindano za uzazi wa mpango. Daktari mmoja tuliyemuuliza alisema chanzo hakijulikani, akaita mgonjwa anayefuata.

Kama ni ya kurithi, mbona mimi mzima, au nasubiri zamu yangu? Kama si ya kurithi, alikutana na nini kule ambacho mimi sikukutana nacho? Nina binti wa miaka tisa. Usiku namwangalia mashavu.

Karasha_Katoro

Dada Doto pole sana. Mimi niko kwenye hizi kazi mwaka wa 15 sasa. Vumbi ni kweli, tunalila kama ugali. Akina mama pale wanajifunga kitenge puani basi, kikikauka ni kama hawajavaa kitu. Kukohoa kupo, wengine tunaambiwa TB, wengine vipimo havioni TB na bado wanakohoa. Lakini hiyo lupus sijawahi kuisikia kijiweni kwetu. Hapa nilipo wanawake kama ishirini wanaponda na kusaga kila siku. Kama ni vumbi, mbona hawajaugua wote? Sibishi, nauliza tu.

Mtaalamu_wa_Mitishamba

Hiyo ni sumu kwenye damu na kinga imeshuka. Ninayo dawa ya siku 21 inapandisha kinga na kuosha

[Sehemu ya ujumbe huu na namba ya simu vimeondolewa na msimamizi]

Mwalimu_wa_Bofa

Doto mwanangu, pole, na Kulwa mpe pole zangu. Nimefundisha baiolojia hapa Kilifi miaka 29, na lupus ninayo tangu 1998, basi nitakujibu kwa vitabu na kwa mwili wangu. Mwaka ule nilipokonda na nywele kupukutika, mtaa mzima ulinipima kwa macho ukatoa jibu la UKIMWI. Hata maji nililetewa kwa kikombe changu peke yangu. Mahakama ya mawifi haikuanzia kwenu.

Tuanze na hiyo zamu. Swali lako limeshahesabiwa, tena kwa watu kama nyinyi. Watafiti walikusanya mapacha wa kufanana ambao mmoja ana lupus, wakatazama ni mara ngapi mwenzake naye anayo: kama jozi moja kwa kila nne. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa kama mbili kwa mia. Robo nzima upande huu, mbili kwa mia upande ule, hapo urithi huwezi kuukataa. Lakini zile jozi tatu zilizobaki ndizo nataka uzitazame, maana damu ni moja kama yenu na mwenzake hakuugua. Hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako. Hata hivyo uwezekano wa wewe kutougua ni mkubwa zaidi ya wa kuugua.

Tunachorithi ni mwelekeo, nao umetawanyika. Zaidi ya sehemu 100 za vinasaba zimeonekana kuhusika na lupus, kila moja inasukuma kidogo. Jeni ambayo ikiharibika peke yake inatosha kuleta ugonjwa ni adimu sana. Mfano ni ile ya protini iitwayo C1q: watoto wanaozaliwa bila C1q wengi wao hupata lupus. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mwalimu, ingawa kama mgonjwa sikuwa na sababu ya kufurahi, kwa sababu inaeleza mengi. C1q ni mmoja wa wazoa taka wa mwili. Kila siku chembe hai za miili yetu zinakufa kwa mabilioni, na maiti zake zinatakiwa kuzolewa kabla hazijapasuka zikamwaga vilivyo ndani. Zikichelewa kuzolewa, kinga inakuta DNA yako mwenyewe imezagaa mahali isipopaswa kuwa, na inaishitukia kama virusi.

Huko kwenu mna sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na wezi waliwakoma. Filimbi inalia, wanaume wanatoka na pinde. Sasa chukua kijiji ambacho filimbi imelia usiku, mwizi hayupo, na filimbi hainyamazi. Watu wako nje, wana mishale, wana hasira. Atakayepigwa ni baba wa watu anayerudi kutoka kilabuni. Kwenye lupus filimbi hiyo inaitwa intaferoni. Ni kitu ambacho chembe hutoa zikihisi virusi vimeingia, na kwa wagonjwa wengi wa lupus hukutwa iko juu bila virusi wowote. Ndiyo maana nikisikia mtu anauza dawa ya kupandisha kinga, kama huyo hapo juu, damu inanichemka. Kinga ya Kulwa haikushuka. Huyo anataka kuwaongezea sungusungu mishale.

Sasa Karasha_Katoro, swali lako ndilo bora humu ndani. Wale ishirini hawaugui kwa sababu hawana vinasaba vya Kulwa, na Doto mwenye vinasaba vya Kulwa hakuponda mawe. Ni mpaka vitu viwili vikutane, na pengine vitatu au vinne. Vumbi la mawe yenu lina silika, yale madini ya mchanga. Chembe za mapafu zinaimeza lakini haziwezi kuisaga, zinakufa nayo tumboni, zinaitapika, nyingine zinaimeza tena. Ni taka zisizokwisha, na mzoa taka ndio huyo niliyemtaja. Mwaka 1957 daktari aitwaye Erasmus aliandika habari za wachimba dhahabu wa Afrika Kusini ambao ngozi zao zilikakamaa kwa ugonjwa ulio ndugu wa lupus. Tangu hapo vumbi la silika limehusishwa na lupus yenyewe na pia na baridi yabisi, ile ya kweli inayokula viungo. Vumbi hilo mkilimwagia maji wakati wa kuponda linapungua sana, hilo mnalijua kuliko mimi.

Zebaki nayo ina kesi yake. Huko Brazil walilinganisha wachimba dhahabu wanaotumia zebaki na wachimba almasi na zumaridi wasioitumia. Wale wa dhahabu walikutwa na kingamwili zinazolenga chembe za mwili wao wenyewe kwa wingi zaidi. Kuwa nazo si kuugua, lakini ni sungusungu kushika pinde. Na mkorogo, Doto, usiuweke kwenye kapu lingine. Nyingi ya krimu hizo zimekuwa na zebaki. Nairobi mwaka 1972 madaktari walichapisha habari za watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ile haikuwa lupus, na baadhi yao walipata nafuu walipoacha krimu, lakini inaonyesha kwamba kinachopakwa usoni kinafika kwenye figo. Miaka hamsini imepita na bado naziona sokoni hapa Kilifi, zimebadilishwa kopo tu.

Hata hivyo sitaki uende kwa shemeji na karatasi hii ukamwambie umemuua dada yangu kwa karasha. Hakuna daktari atakayeweza kunyoosha kidole kwenye kiroba fulani au kopo fulani. Kuna watu wameugua lupus bila kuona karasha wala mkorogo, mimi mmoja wao. Mavumbi yangu mimi yalikuwa ya chaki.

Jua halina kesi kubwa. Lenyewe halileti lupus, ila linaua chembe za juu ya ngozi na kumwaga taka nyingi kwa mara moja, kwa hiyo mwenye lupus likimpiga upele unafumka, na wakati mwingine mwili mzima unafuata. Kulwa avae mikono mirefu na kofia pana hata siku ya mawingu.

Kwamba ni mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hapo sitashangaa hata kidogo. Wagonjwa tisa kwa kumi ni wanawake. Zamani tulisema ni homoni tu, na homoni zimo. Lakini kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nimeshastaafu lilipotoka, nikajuta kwamba sina darasa la kulifundishia. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na ili zisifanye kazi maradufu mwili unaizima moja kwa kuifunika na kitu kiitwacho Xist pamoja na protini zake. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walitengeneza panya dume wenye Xist, wakawachokoza kwa kemikali inayoleta ugonjwa kama lupus, na madume yale yakaugua kwa kiwango cha kukaribia majike. Maana yake hilo funiko lenyewe ni mojawapo ya vitu ambavyo kinga huja kuvishika. Hakuna shangazi wala mama wa kulaumiwa hapo, ni namna mwanamke alivyoumbwa.

Sindano za uzazi wa mpango: ile ya miezi mitatu haina estrojeni. Vidonge vyenye estrojeni ndivyo madaktari huviogopa kwa mgonjwa ambaye lupus yake imechacha. Shemeji apumzike.

Nimebakiza la malaria, na hili ndilo linalonigusa kwa sababu limepita mlangoni kwangu. Mwaka 1968 daktari aitwaye Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, alipekua kumbukumbu za wagonjwa karibu laki moja waliolazwa katika hospitali ya chuo kikuu. Magonjwa ya kinga kujishambulia aliyakuta machache mno. Wewe na mimi tunajua kwamba mengine yalikuwepo na hayakutambuliwa, kama Kulwa alivyopewa dawa ya malaria mara tatu. Lakini Greenwood alijiuliza kama malaria ya mara kwa mara inaituliza kinga. Akachukua panya wa aina inayozaliwa na mwelekeo wa ugonjwa kama lupus, akawaambukiza malaria ya panya, na ugonjwa ule ukapungua kwao. Watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza, ambako mbu huyo hayupo, wanaugua lupus mara nyingi kuliko Wazungu wanaoishi nao.

Kisha mwaka 2010 ukatoka utafiti uliotumia damu ya watoto wa hapa Kilifi. Kuna jeni iitwayo FCGR2B. Kazi yake ni kama ya ntemi wa sungusungu anayesema basi, rudini majumbani. Watu wengine wamerithi ntemi mnyonge, ambaye akisema basi hasikiki. Watoto waliorithi unyonge huo kutoka kwa baba na mama pia walipata malaria kali kwa uchache kuliko wenzao, kwa sababu askari wao hawakurudi nyumbani mapema. Na unyonge huohuo ndio unaoongeza hatari ya lupus. Unapatikana zaidi Afrika na Asia ya Kusini Mashariki kuliko Ulaya. Mnaijua selimundu, ukirithi nusu inakukinga na malaria, ukirithi nzima inakuumiza. Hii ni hadithi ya ukoo huohuo. Basi mama mkwe akisema damu mbaya, mwambie huenda ndiyo iliyomvusha bibi yenu utotoni wakati wenzake wanazikwa.

Virusi vimo pia. Vinavyotajwa zaidi ni vya Epstein-Barr, ambavyo vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 huko London katika chembe za uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda. Kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa 1997 karibu vijana wote wenye lupus walikuwa wameshapata virusi hivyo, na wasio na lupus kama saba kwa kumi. Lakini huku kwetu karibu kila mtoto anavipata mapema, na wewe na Kulwa mlivipata bila shaka, pengine wiki ileile ya surua. Havikusaidii kujua kwa nini yeye.

Na kuhusu kwa nini yeye: mwaka 2010 huohuo Wahispania walichukua mapacha wa kufanana, mmoja ana lupus mwenzake hana, wakaangalia vibandiko vidogo vya kikemia ambavyo mwili hubandika juu ya DNA ili kuizima au kuiacha iwake. Maandishi ya DNA yalikuwa sawa. Vibandiko havikuwa sawa. Kwa aliyeugua vilikuwa vimebanduka kwenye jeni nyingi za kinga. Nyinyi mlizaliwa na kitabu kimoja, miaka kumi na miwili ya Geita na Tabora imewapigia mistari kurasa tofauti.

Mila za mapacha sizijui, mimi ni Mgiriama. Lakini mama yenu akitaka kufanya tambiko mwacheni afanye, kuku mmoja hamuumizi mtu. Asimzuie dawa tu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mwalimu kamaliza, naongeza machache kabla sijaitwa wodini.

Doto, usikimbilie maabara kupima ANA, yaani zile kingamwili zinazolenga chembe za mwili wenyewe, kwa sababu ya woga. Watu wengi wazima kabisa wanatoka na ANA chanya kidogo na hawaugui maisha yao yote. Utalipa hela na kununua wasiwasi. Kwa mtu kama wewe mimi ningepima presha na mkojo mara moja moja, ni rahisi na figo huanza kusema kwenye mkojo kabla mguu haujavimba. Ukiona vidole vinakaza asubuhi zaidi ya nusu saa kwa wiki kadhaa, vidonda mdomoni visivyouma, nywele kutoka, upele wa jua, hapo nenda na umwambie daktari sentensi moja: pacha wangu wa kufanana ana lupus. Sentensi hiyo itakuokoa dozi tatu za malaria.

Na dawa alizowahi kutumia ziandikwe zote. Isoniazidi ya TB na haidralazini ya presha zinaweza kuleta lupus ya dawa, ambayo huondoka dawa ikiachwa. Kwa kuwa Kulwa imeingia kwenye figo sidhani kama ni hiyo, lakini daktari aone orodha.

Mtoto wako wa miaka tisa mwache alale.

DotoMshonaji

Mwalimu shikamoo. Nesi asante sana. Kaka wa Katoro asante kwa kuuliza nilichoogopa kuuliza.

Nimempigia Kulwa nikamsomea yote kwa simu, vocha imeisha mara mbili. Pale kwenye baba wa watu anayerudi kutoka kilabuni alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kati ya dawa zake kuna moja ameiacha mwezi wa pili sasa, hiyo haidroksiklorokwini. Kijana wa duka la dawa alimwambia hii ni dawa ya malaria ya zamani, serikali ilishaikataa, wamekudanganya. Naye anakumbuka klorokwini ilivyokuwa inatuwasha utotoni, tunajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Kaona bora aache. Nimemwambia asubuhi aende kliniki. Je nimekosea?

Mwalimu_wa_Bofa

Marahaba mwanangu. Hujakosea, na aende kesho, asingoje tarehe ya kadi.

Kijana wa duka kasema nusu. Tanzania iliiacha klorokwini kwa malaria mwaka 2001, sisi Kenya mwaka 1998, kwa sababu vimelea vilishaizoea. Mimi mwaka huohuo wa 1998, wakati kila mtu anaitupa, nikaandikiwa. Nikamuuliza daktari kama ananifanyia mzaha. Haidroksiklorokwini ni ndugu yake mpole, na kwenye lupus haifukuzi vimelea, inaipunguzia filimbi pumzi. Iligunduliwa kwa bahati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari walimezeshwa dawa za malaria za jamii hiyo, baadhi yao wenye upele na viungo vibovu wakaona nafuu, na mwaka 1951 daktari mmoja Mwingereza akaandika habari za wagonjwa wa lupus aliowapa mepakrini, mojawapo ya dawa hizo. Aliyeiacha hurudiwa na ugonjwa kwa urahisi zaidi. Kinachotakiwa ni kipimo kulingana na uzito wake na kukaguliwa macho, maana ikitumika miaka mingi inaweza kuharibu nyuma ya jicho. Mimi nakaguliwa kila mwaka na bado nasoma magazeti bila miwani, ingawa mjukuu anasema naongopa.

Ikimuwasha aseme, asiiache kimyakimya.

DotoMshonaji

Amekwenda. Wamemrudishia dawa, na wamemwandikia kupimwa macho. Damu na mkojo majibu Alhamisi. Yule daktari wa kliniki alimuuliza nani kakueleza habari za filimbi, akasema ni mwalimu wangu wa Kilifi, kama vile amekaa darasani kwako miaka minne.

Mama nimemweleza la malaria na bibi. Alinyamaza sana. Halafu akauliza kuku anauzwaje siku hizi.

Mimi nimemshonea gauni la kitenge la mikono mirefu na shingo ya juu, na kofia ya kitambaa hichohicho, pana. Nilijipima mimi kama siku zote nikaweka kwenye basi la Geita. Jana kanipigia, gauni limekwama mabegani na kiunoni. Ni zile prednisoloni, zimemnenepesha, uso umekuwa mviringo. Hatukujua la kusema, tukabaki tunasikilizana. Basi nikamwambia atafute futi kwa jirani anisomee namba, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nimeziandika kwenye daftari la wateja. Nilikuwa sijawahi kuwa na ukurasa wake.